Baada ya Kimbunga Marekani: FEMA, Bima, Mkopo wa SBA au Misaada ya Jamii?

Msimu wa vimbunga katika bahari ya Atlantiki huanza rasmi tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, na katika miezi hiyo sita familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani huwa zinaishi njiani mwa dhoruba. Houston imepokea wakimbizi wengi kutoka mashariki ya Kongo, baadhi yao wakiwa wamekaa miaka mingi katika kambi za Nyarugusu na Kakuma, na wako Wakenya na Watanzania waliojenga maisha yao huko Texas, Florida na North Carolina. Houston ilizamishwa na mvua za kimbunga Harvey mwezi Agosti 2017, kisha Beryl ilipopita tarehe 8 Julai 2024 wateja wa umeme zaidi ya milioni mbili walibaki gizani katikati ya joto kali. Mwaka huohuo Helene iliingia Florida usiku wa 26 Septemba na kuleta maafa hadi kwenye milima ya magharibi ya North Carolina, mbali kabisa na bahari, na wiki mbili baadaye Milton ikafuata.

Upepo ukishatulia hubaki maswali mawili: tutalala wapi, na fedha zitatoka wapi? Ushauri unaosambaa kwenye makundi ya WhatsApp kwa kawaida ni wa mtu aliyefanikiwa kwa njia moja, naye huenda hali yake haifanani na yako, kwa sababu yeye anamiliki nyumba na wewe umepanga, au yeye ni raia na wewe bado unasubiri uamuzi wa kesi yako ya hifadhi. Makala haya yanalinganisha njia nne ambazo watu hukwama kati yake: ruzuku za FEMA, ambalo ni shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa; fidia ya bima; mkopo wa maafa wa SBA, wakala wa serikali unaojulikana zaidi kwa kusaidia biashara ndogo; na misaada ya mashirika ya hiari, nyumba za ibada na jamii yenyewe.

Vigezo vya ulinganisho

Njia zote nne zimepimwa kwa maswali yaleyale. La kwanza ni nani anastahili, kwa sababu hakuna faida ya kusifu msaada usioweza kuupata. La pili ni kinacholipwa na kiasi chake. La tatu ni muda, maana dola mia saba za wiki hii na dola elfu arobaini za mwaka ujao hutatua matatizo tofauti. La nne ni kama fedha hizo ni deni au zina masharti yatakayokufuata baadaye, na la tano ni uzito wa makaratasi. Suala la mahali pa kulala nimelitenga mwishoni, kwa kuwa lina chaguo zake zenyewe zinazogusa njia zaidi ya moja.

Jambo moja lieleweke mapema. Njia hizi hazifutani, na familia nyingi hutumia mbili au tatu kwa pamoja; kinachokatazwa na sheria ni kulipwa mara mbili kwa hasara ileile. Kwa hiyo mpangilio wa hatua una uzito kuliko uchaguzi wenyewe, na makosa mengi hutokana na mtu kuanza na njia ya tatu kabla ya kumaliza ya kwanza.

Nani anastahili

FEMA hutoa fedha kwa watu binafsi pale tu Rais wa Marekani anapotangaza maafa makubwa kwa ombi la gavana, na kaunti yako ikatajwa katika orodha ya zinazopewa msaada wa watu binafsi. Kaunti jirani inaweza kuwemo na yako isiwemo, hata kama mti ulioangukia paa lako ni mkubwa kuliko wa jirani. Nyumba iliyoharibika lazima iwe makazi yako makuu, uwe mwenye nyumba au mpangaji. Kuhusu uhamiaji, anayestahili ni raia au mtu aliye katika kundi ambalo sheria inalihesabu kuwa limekidhi vigezo, ambamo wamo wenye ukaazi wa kudumu, wakimbizi waliopokelewa rasmi na waliokwisha kupewa hifadhi. Aliyeingia kwa bahati nasibu ya viza na kupata kadi ya kijani yumo. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo, mfanyakazi wa viza ya muda, mwenye hadhi ya ulinzi wa muda na mtu ambaye ombi lake la hifadhi bado halijaamuliwa hawamo.

Hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa kabla ya wakati. Inatosha mtu mmoja katika kaya awe anastahili na awe na namba ya Social Security, na mtu huyo anaweza kuwa mtoto mchanga aliyezaliwa Houston mwezi uliopita. Mzazi asiye na hadhi inayotakiwa anaruhusiwa kuomba kwa niaba ya mtoto wake raia aliye chini ya miaka 18 anayeishi naye. Hata hivyo FEMA iko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, wizara ileile inayosimamia utekelezaji wa sheria za uhamiaji, na kwa sababu hiyo kaya yenye mtu asiye na hati inafaa ipate ushauri wa mwanasheria kabla ya kuweka jina lolote kwenye fomu. Ushauri huo hupatikana bure: baada ya maafa kutangazwa huenda kukawa na huduma ya sheria ya maafa kwa simu, na mashirika kama Lone Star Legal Aid huko Texas na Legal Aid of North Carolina husaidia wenye kipato kidogo.

Bima haiulizi uraia. Swali lake ni moja: ulikuwa umelipia nini kabla ya dhoruba? Bima ya kawaida ya nyumba hailipii mafuriko, na wakati wa Harvey wengi wa waliofurikiwa hawakuwa na bima ya mafuriko. Bima hiyo huuzwa zaidi kupitia Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko ulioanzishwa mwaka 1968, na kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa, kwa hiyo kuinunua wakati kimbunga kinaonekana kwenye televisheni ni kuchelewa. Pwani ya Texas kuna jambo la ziada: bima nyingi za nyumba hazigusi upepo, na upepo hulipiwa na bima ya pekee, mara nyingi kutoka TWIA, chama cha bima kilichoundwa kwa ajili ya kaunti za pwani. Wapangaji nao wana bima yao, ya bei nafuu, ambayo wengi huilipia kwa sababu tu mkataba wa pango uliwalazimisha na kisha wakasahau kwamba wanayo. Fungua mkataba wako uangalie.

SBA hukopesha wenye nyumba na wapangaji pia, licha ya jina lake kuhusu biashara, na ndiyo njia pekee kati ya hizi nne inayotazama historia yako ya mikopo na uwezo wako wa kulipa. Vigezo vyake vya uhamiaji vinakaribiana na vya FEMA. Anayemiliki nyumba ya kupangisha, ambaye FEMA haimsaidii kwa nyumba hiyo, anaweza kuomba huku mkopo wa upande wa biashara.

Misaada ya jamii ndiyo yenye mlango mpana kuliko yote. Msalaba Mwekundu hauulizi hati za uhamiaji kwenye makazi yake ya dharura, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inayowazuia wageni wengi kupata mafao ya serikali imeacha wazi misaada ya dharura ya muda mfupi isiyo ya fedha taslimu, kama vile chakula, maji na mahali pa kujihifadhi. Parokia, misikiti, makanisa ya Kipentekoste na vyama vya watu wa nyumbani hufuata taratibu zao wenyewe.

Kinacholipwa na kiasi chake

Kwa maafa yaliyotangazwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, FEMA iliweka ukomo wa dola 43,600 kwa makazi na dola 43,600 nyingine kwa mahitaji mengineyo, na kiwango hicho hurekebishwa kila mwaka. Ukomo huo usikudanganye. Kaya nyingi hupata dola elfu chache, kwa sababu FEMA hulipa kiasi cha kuifanya nyumba iwe salama na ikalike; haina jukumu la kuirudisha ilivyokuwa. Mwenye nyumba anaweza kupata fedha za ukarabati na za kupanga mahali pengine kwa muda. Mpangaji hapati za ukarabati, kwa kuwa jengo si lake, lakini anaweza kupata za kodi, samani na vyombo muhimu, gari, matibabu, malezi ya watoto, na kuhamisha au kuhifadhi vitu. Fedha ya kwanza kabisa huwa ni ya mahitaji ya haraka, iliyokuwa dola 750 wakati wa Helene na 770 kwa maafa ya baada ya 1 Oktoba 2024. Uvumi ulienea wakati huo kwamba dola 750 ni mkopo, au kwamba ukizipokea huna haki ya kingine. Yote mawili hayakuwa kweli, na wapo waliokosa haki yao kwa kuamini maneno ya mtandaoni.

Bima ndiyo hulipa zaidi inapokuwepo. Mpango wa taifa wa mafuriko hulipa hadi dola 250,000 kwa jengo la makazi na hadi 100,000 kwa vitu vya ndani, ingawa haulipii gharama za kuishi kwingine wakati nyumba inatengenezwa. Bima ya nyumba na ya wapangaji kwa kawaida hulipia gharama hizo, yaani hoteli, kodi ya muda na ongezeko la matumizi ya chakula, mradi kilichokutoa nyumbani ni kitu ambacho mkataba wako unakigharimia. Angalia pia kiasi unachotakiwa kubeba mwenyewe kabla ya bima kuanza kulipa, kwa sababu kwa vimbunga kiasi hicho mara nyingi huwa asilimia ya thamani iliyokatiwa bima. Kwa nyumba iliyokatiwa bima ya dola 300,000, asilimia mbili ni dola 6,000, na asilimia tano ni 15,000.

SBA hukopesha hadi dola 500,000 kwa kutengeneza au kujenga upya makazi makuu, na hadi 100,000 kwa vitu vya ndani na gari, viwango vilivyopandishwa mwaka 2023. Hicho cha pili kinawahusu wapangaji pia. Misaada ya jamii ni midogo kwa fedha, lakini thamani yake hupimwa pia kwa kazi: vikundi vya kujitolea huja kutoa matope, kuvunja kuta zilizolowa, kukata miti na kufunika paa kwa turubai bila malipo, kazi ambayo fundi angeidai maelfu ya dola.

Muda

Jamii hufika kwanza, wakati mwingine maji hayajapungua. FEMA inaweza kulipa fedha ya mahitaji ya haraka ndani ya siku chache baada ya ombi, ilhali malipo makubwa husubiri ukaguzi wa nyumba. Dirisha la kuomba kwa kawaida ni siku 60 tangu maafa yatangazwe, ingawa mara nyingi huongezwa. Bima hufuata sheria za jimbo; Texas, kwa mfano, kampuni inatakiwa kukiri kupokea dai lako ndani ya siku 15 na kuanza kulishughulikia, lakini mvutano kuhusu kama paa liling'olewa na upepo au ukuta ulibomolewa na maji unaweza kuchukua mwaka. SBA huenda kwa wiki au miezi, na katikati ya Oktoba 2024, baada ya Helene na Milton, mfuko wake wa mikopo ya maafa ulikauka kabisa hadi Bunge lilipotenga fedha mwezi Desemba.

Zipo pia fedha za serikali kuu zinazopitia Wizara ya Nyumba kwenda kwa majimbo kwa ajili ya kujenga upya. Hizo huja baada ya miaka. Texas ilipewa zaidi ya dola bilioni tano baada ya Harvey, na bado miaka kadhaa baadaye kulikuwa na familia zikisubiri zamu. Jiandikishe jimbo linapotangaza, lakini usiache lolote jingine kwa kuzitegemea.

Deni na masharti

Ruzuku ya FEMA hairudishwi, haihesabiwi kuwa kipato kinachotozwa kodi ya mapato na haipunguzi mafao mengine ya serikali. Ina masharti hata hivyo. Itumike kwa kilichoandikwa kwenye barua, na risiti zihifadhiwe kwa miaka mitatu, kwa sababu FEMA inaweza kudai irudishiwe ikigundua kwamba bima ililipia kitu hichohicho au kwamba fedha zilitumika vinginevyo. Aliyepokea msaada wa kukarabati nyumba iliyo katika eneo rasmi la hatari ya mafuriko analazimika kuwa na bima ya mafuriko kuanzia hapo. Akiiacha, safari ijayo atanyimwa.

Bima si deni, ingawa ada inaweza kupanda baadaye. Onyo langu hapa ni juu ya wale wanaogonga mlango baada ya dhoruba wakitaka utie saini ili wao wapokee fidia moja kwa moja kwa niaba yako. Usitie saini karatasi usiyoielewa, hata kama aliyekuletea anazungumza Kiswahili kitamu.

Mkopo wa SBA ni deni, hata kama ni nafuu. Riba ilianzia asilimia 2.813 kwa wenye nyumba na wapangaji baada ya Helene, malipo yanaweza kusambazwa hadi miaka 30, na mwaka wa kwanza hakuna malipo wala riba. Kwa Waislamu wanaojiepusha na riba suala hili halimalizwi na unafuu wa asilimia, na ni vyema kumwona sheikh mapema kuliko kukatiza mchakato ukiwa umefika mahali pa kusaini. Kuomba hakukulazimishi kupokea. Zamani baadhi ya ruzuku za FEMA zilikuwa zikizuiwa hadi uombe SBA kwanza, lakini sharti hilo liliondolewa Machi 2024.

Michango ya jamii haina deni, ila ina mtego mmoja mdogo. Harambee ya mtandaoni ikitangazwa kuwa ni ya kujenga upya paa la mama fulani, FEMA inaweza kuihesabu kwamba paa hilo limekwisha kulipiwa. Michango ya chakula, nguo na mahitaji ya jumla haileti tatizo hilo.

Makaratasi

Kwa maoni yangu, kinachowashinda watu kwa FEMA ni barua zake kuliko vigezo vyake. Barua ya kwanza mara nyingi husema ombi halijakubaliwa, kisha ndani yake, katika aya ya tatu au ya nne, inaeleza kwamba kinachokosekana ni karatasi moja: uamuzi wa bima, uthibitisho wa jina, au uthibitisho kwamba uliishi hapo. Mtu anaisoma sentensi ya juu, anaikunja na kusema serikali imemkatalia. Ana siku 60 tangu tarehe ya barua za kukata rufaa, na rufaa inaweza kuwa ni kutuma tu karatasi iliyokosekana pamoja na maelezo mafupi yenye namba ya ombi lake ya tarakimu tisa.

Kuthibitisha kwamba uliishi kwenye nyumba fulani ni mzigo kwa watu wetu wengi, kwa sababu mkataba una jina la ndugu mmoja, kodi hulipwa taslimu na bili ya umeme iko kwa jina la mwenye nyumba. Tangu mwaka 2021 FEMA inakubali aina nyingi zaidi za ushahidi, zikiwemo barua kutoka shuleni kwa mtoto, kwa mwajiri au kwa shirika la huduma za jamii, pamoja na usajili wa gari. Watu walioishi kama kaya moja wakubaliane nani ataomba, kwa sababu maombi mawili ya kaya moja kutoka anwani moja hukwamishana. Simu ya FEMA ni 1-800-621-3362, na una haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili; usimfanye mtoto wa darasa la tano kuwa mkalimani wa mambo ya nyumba na fedha. Mkaguzi wa FEMA halipwi na mwombaji hata senti moja, na anayedai malipo ni tapeli.

Bima hudai picha, orodha ya vitu na risiti, na mpango wa mafuriko hutaka tamko la hasara lililosainiwa ndani ya siku 60. Piga picha kabla ya kutupa zulia lililooza. SBA hudai zaidi ya wote: kipato, madeni, fomu za kodi ya mapato. Jamii hudai kidogo, pengine kitambulisho tu.

Mahali pa kulala

Kituo cha dharura cha Msalaba Mwekundu au cha kaunti ni bure na kiko wazi kwa kila mtu, lakini hakina faragha, na familia yenye mzee mgonjwa au mtoto mchanga huchoka haraka. Kinafaa kwa siku za mwanzo, na pia ni mahali ambapo taarifa za misaada mingine hufika mapema.

Hoteli inayolipiwa na FEMA ni hatua inayofuata pale mpango huo unapofunguliwa. FEMA hulipa hoteli moja kwa moja kwa chumba na kodi ya serikali inayotozwa juu yake. Chakula, maegesho na simu ni juu yako. Huchagui hoteli yoyote, bali iliyo kwenye orodha, na hoteli hiyo inaweza kuwa mbali na kazi au shule ya watoto. Muda wake huongezwa kidogo kidogo, kwa hiyo kila tarehe ya mwisho inapokaribia huwa kuna wasiwasi.

Fedha za kodi hukupa uhuru zaidi. Mara ya kwanza hulipwa kwa takriban miezi miwili kwa kufuata viwango vya kodi vya eneo, na unaweza kuomba ziendelee, hadi miezi 18 tangu maafa yatangazwe, ukionyesha mkataba na risiti za kodi uliyolipa. Ugumu ni soko: baada ya kimbunga kila mtu anatafuta nyumba, na bei hupanda. Trela na nyumba za kuhamishika hutolewa pale tu nyumba za kupanga zinapokosekana. Huchukua miezi kufika, nazo hufungwa na ukomo uleule wa miezi 18. Zinamfaa zaidi mwenye kiwanja anayetaka kuwa karibu na nyumba anayoikarabati.

Kukaa kwa ndugu ndiyo desturi yetu, na FEMA hutoa fedha za kuhama kwa muda zinazoweza kutumika hata kwa anayelala kwa jamaa. Tatizo ni mkataba wa mwenyeji wako. Mikataba mingi ya apatimenti huweka ukomo wa siku za mgeni, na familia ya watu saba ikikaa mwezi mzima inaweza kumletea mwenyeji barua ya kuhamishwa. Mwenyeji aombe ruhusa ya maandishi mapema.

Mpangaji asisahau mkataba wake wa nyumba iliyoharibika. Texas, nyumba ikiwa haikaliki kabisa, upande wowote unaweza kuuvunja mkataba kwa taarifa ya maandishi kabla ya ukarabati kukamilika. Ikiwa sehemu tu ndiyo haikaliki, kupunguziwa kodi huhitaji hukumu ya mahakama isipokuwa mkataba useme vingine, na anayeacha kulipa kimya kimya hujitafutia kesi ya kufukuzwa. Florida, mpangaji ambaye makazi yake yameharibika kiasi cha kumzuia kuyatumia anaweza kuvunja mkataba na kuhama mara moja, au kuacha kutumia sehemu iliyoharibika na kodi ikapunguzwa kwa kadiri yake.

Kwa hali yako

Kama umepanga na huna bima, anza kwa kupiga 211, namba ya simu ya kuelekezwa kwenye huduma za eneo lako, kwa ajili ya chakula na malazi ya leo, kisha omba FEMA wiki hiyohiyo, ukilenga fedha za kodi na za vitu vya ndani. SBA ina maana kwako ikiwa umepoteza gari unalolitegemea kwa kazi na una kipato cha kulipa deni. Kama una bima ya wapangaji, ifungulie dai kwanza, uombe FEMA bila kusubiri jibu, halafu uwatumie uamuzi wa bima utakapofika.

Mwenye nyumba mwenye bima ya upepo na ya mafuriko hana sababu ya kukimbilia mkopo siku za mwanzo. Afungue madai yote mawili kando kando, ajiandikishe FEMA kwa ajili ya yale ambayo bima haitayagusa, na aombe SBA kabla ya dirisha kufungwa ili awe na akiba ya kujazia pengo, hata kama hatimaye ataikataa. Mwenye nyumba asiye na bima ya mafuriko anahitaji hesabu ngumu zaidi: FEMA haitamjengea nyumba, kwa hiyo uamuzi wake halisi ni kati ya mkopo wa SBA na kukarabati polepole kwa nguvu za watu wa kujitolea huku akisubiri mipango ya jimbo. Mwenye kipato cha uhakika na umri wa kulipa anaweza kuupendelea mkopo. Mzee anayeishi kwa pensheni ndogo, au mtu anayejiepusha na riba, atafaa zaidi kutafuta kamati ya jamii ya ujenzi wa muda mrefu katika kaunti yake, na msimamizi wa kesi atakayemfuatilia.

Aliyepoteza kazi kwa sababu ya kimbunga, hata dereva wa kukodiwa au msusi anayejiajiri, aulize pia kuhusu fao la kukosa kazi kwa ajili ya maafa, linaloweza kulipwa hadi wiki 26 tangu maafa yatangazwe kwa mwenye kibali cha kufanya kazi. Ni fedha tofauti na za makazi, nazo huombwa kwenye ofisi ya ajira ya jimbo, siyo FEMA.

Mwanafunzi au mfanyakazi wa viza ya muda asiye na mtoto raia atategemea bima yake, ikiwa anayo, chuo au mwajiri wake, na misaada ya jamii. Kaya yenye mchanganyiko wa hati ina njia ya FEMA kupitia mtoto au mwenzi anayestahili, lakini simu ya kwanza iwe kwa mwanasheria wa msaada wa bure, na ya FEMA ifuate baada ya ushauri huo, ndani ya siku zilezile 60.